Mtu wa Fonia Alirudisha Kila Neno

Niliingia kwenye timu ya machela kwa sababu ya udaku wangu. Sikuwa na moyo mwema kuliko wengine, na katika mambo ya udaktari nilijua maji ya chumvi tu. Lakini kila mara kitu kilipolia Bunia, watu wakakimbia kujificha, mimi nilikimbia kwenda kuona. Shule niliiacha darasa la tano. Tangu hapo miguu ndiyo iliyonifundisha: nilichimba mchanga wa dhahabu Kilo, nikapakua magunia Iga Barrière, nikachunga ng'ombe wa watu, nikauza sabuni barabarani. Hakuna mahali nilipokaa miezi sita. Vita vilinikuta mjini, njia zote zikafungwa, na mtu ambaye hajazoea kukaa akalazimika kukaa.

Mkuu wa timu alikuwa mama mmoja, muuguzi aliyekimbia Nyankunde kwa miguu akiwa na makasi yake mfukoni. Alikuwa amenikuta mahali pa ajali mara tatu kabla ya timu yake kufika. Mara ya tatu alinishika mkono.

"Weye, kila mara tunakukuta hapa. Uko unafanya nini?"

"Ninaangalia tu, mama."

"Unaangalia. Basi tangu leo utaangalia na utasema."

Akanipa baiskeli, kinga kama tunavyoiita, kitambaa cheupe cha kuvaa juu ya shati, na redio ndogo ya mkononi. Kazi yangu ikawa kutangulia. Bomu likianguka au risasi zikinyamaza mahali, mimi nilikwenda kwanza, naona kilichotokea, naita. Gari letu, kamioneti kuukuu yenye mlango mmoja uliofungwa kwa kamba, lilingoja habari yangu ndipo liondoke. Mafuta yalikuwa machache na watu wa kubeba walikuwa wanne. Gari likienda bure upande mmoja, mtu alikufa upande mwingine. Mama alituambia hivyo, na tuliona kwa macho yetu.

Mambo ya kusema hewani yalikuwa manne: uko wapi, majeruhi wangapi, nani anaweza kutembea, njia ipi iko wazi. Ukianza kueleza damu au kulia, mama alikukata. "Hapana hadithi," alisema. "Hadithi utaniambia jioni." Tena ilikuwa lazima kuongea Kiswahili peke yake, hiki chetu cha Bunia ambacho si cha mama wa mtu yeyote. Katika timu tulikuwa na watu wa pande zote mbili zilizokuwa zinauana, na wengine kama mimi ambao hatukuwa wa upande wowote na kwa hiyo tulishukiwa na wote. Ukisema neno moja la lugha ya nyumbani kwenu, aliye karibu nawe ambaye haielewi anajua tayari kwamba unamuuza.

Redio zetu mbili ndogo, yangu na ile ya garini, hazikusikilizana vizuri kwa sababu ya vilima. Zote zilipitia kwenye redio kubwa, fonia, iliyokuwa katika chumba kimoja nyuma ya shule ya msingi. Waya wake ulifungwa juu ya mikaratusi miwili na nguvu yake ilitoka kwenye betri la lori. Pale ndipo alipokaa mtu wa fonia.

Alikuwa na miaka hamsini hivi, mwembamba, na sweta lake hakulivua hata jua likiwaka. Kabla ya vita alipokea habari za ndege ndogo na za wachuuzi wa dhahabu, na aliweza kumtambua mtu wa Mongbwalu au Mahagi kwa kikohozi tu. Alikuwa na daftari. Kila neno ulilomwambia aliliandika pamoja na saa yake, kisha akalirudisha kwako kama lilivyo. Ukisema, "Niko nyuma ya kanisa, majeruhi wawili, mmoja anatembea, njia ya chini iko wazi," yeye alijibu polepole kama anasoma barua ya ofisi: "Narudisha. Nyuma ya kanisa. Majeruhi wawili. Mmoja anatembea. Njia ya chini iko wazi. Ni hivyo?" Ilikubidi useme, "Ni hivyo." Hapo tu ndipo alipoita gari. Ukichelewa kusema "ni hivyo" alirudisha tena, hata risasi zikipita juu ya kichwa chako.

Mimi yule mtu sikumpenda. Nilimwona anajua kila kitu kuhusu sisi, na sisi hatukujua kitu kuhusu yeye, ila kwamba jina la ukoo wake lilikuwa la upande mmoja.

Kisha likatokea jambo la Saio, mtaa mmoja wa mji. Niliita majeruhi watatu. Gari lilipofika, mmoja alikuwa amekwisha kukata roho, tukamwacha na ndugu zake, tukapakia wawili. Kwenye njia panda tukakuta kizuizi ambacho asubuhi hakikuwepo. Wapiganaji walichungulia nyuma ya gari, mmoja akahesabu kwa kidole.

"Mbili. Na wa tatu iko wapi?"

Dereva wetu, mtu wa mizaha, siku ile mizaha ilimwisha. Mama aliwaeleza kwamba wa tatu amefariki. Hawakuamini. Walitushusha sote, wakapekua hadi chini ya viti, wakatuweka pale juani muda mrefu, majeruhi wakilia. Mwisho walituachia.

Njiani, kichwani nilikuwa na swali moja: hesabu ya watatu waliijulia wapi? Hesabu ile niliitamka mara moja tu, na mtu mmoja aliiandika.

Nikaanza kumchunguza. Udaku niliokuwa nao kwa dunia nzima niliuelekeza kwake peke yake. Nikagundua kwamba kila siku saa tisa mchana, kukiwa kimya, alifunga mlango. Nilisimama chini ya dirisha nikijifanya natengeneza mnyororo wa kinga. Alikuwa anazungusha kile kifundo cha kutafuta mawimbi, kisha anaongea kwa sauti ya chini, katika lugha ya kwao. Maneno machache, kimya, halafu kalamu juu ya karatasi. Siku ya pili hivyo hivyo, na siku ya tatu.

Nilimwambia dereva. Alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Mimi nilijua zamani," miguu ikajibu. "Mutu anakaa kwenye kiti kutoka asubuhi mpaka magaribi, na anajua wapi kila mutu iko. Sasa huyo ni mutu ama ni Mungu?"

"Tumwambie mama."

"Umwambie weye. Mimi mama ananipaka kelele kwa sababu ya breki tayari."

Nilimwambia. Mama alikuwa anachemsha vyombo, hakugeuka.

"Umeelewa maneno aliyosema?"

"Hapana, mama. Ni lugha yao."

"Basi hauna ushahidi, uko na masikio tu." Akafunika sufuria. "Sikiliza. Kama hauamini mutu, umwambie machoni. Mimi pia kuna watu hapa siwaamini, na weye uko ndani. Lakini kwa redio hapana kucheza. Ile ni kitanda ya wagonjwa. Ukitoboa kitanda, anaanguka mugonjwa."

Nilisema ndiyo. Lakini lile neno lake, "na weye uko ndani", ndilo nililoondoka nalo. Nikajiuliza ni nani aliyemtia maneno.

Siku yenyewe ilianza na mabomu matatu asubuhi, upande wa matanuri ya matofali, kule chini ya kilima cha Mudzipela. Nilichukua kinga nikaenda. Nilipita daraja la mbao la kijito Nyamukau, halikuwa na mtu, nikakata kushoto kwenye matanuri. Nyumba moja ilikuwa imepoteza paa. Uani nilimkuta fundi cherehani amelala kwenye mkeka, mguu wa kulia umepasuliwa chini ya goti, na mke wake ameukumbatia kwa mikono yote miwili kana kwamba unaweza kukimbia. Cherehani yenyewe, ile ya kukanyaga, ilisimama barazani bila hata alama, na suruali ya mtu bado iko chini ya sindano.

Nilifanya kama mama alivyonifunza. Nilifunga kamba juu ya jeraha, nikaikaza kwa kijiti mpaka damu ikasimama, nikamwandikia saa kwenye paji la uso kwa kalamu: saa tatu na robo. Kamba ile inaokoa mtu, lakini ikikaa muda mrefu inaua mguu. Mama alitupa saa mbili. Zikipita, alisema, tunaanza kuomba.

"Gari inakuja?" fundi aliniuliza. Hakuwa analia. "Hii mguu ndio ya kukanyaga. Ile ingine haijuage kazi."

"Inakuja, papa."

Nikatoka nikapanda juu ya rundo la matofali, mahali ambapo redio ilishika vizuri. Na pale juu, nikiwa na kidole kwenye kitufe, nikapata akili ambayo nilidhani ni kubwa.

Nilitaka kumjaribu mtu wa fonia. Gari letu, liende kushoto au kulia, lilipita daraja la mbao kila mara. Nikimwambia mahali pa uongo, ng'ambo, kulia, kwenye soko la kuni, nani atapata hasara? Mimi nitashuka kungoja darajani, nitalisimamisha gari, nitalileta kushoto. Na kutoka darajani njia ya soko la kuni inaonekana yote. Wapiganaji wakitokea kwenda kule, nitakuwa na ushahidi wa macho, si masikio tena. Nilijiona mtu mwenye shule nyingi.

"Fonia, fonia."

"Sema."

"Niko soko la kuni. Majeruhi mmoja. Hatembei. Kamba saa tatu na robo. Njia ya daraja iko wazi."

Kukawa na kimya kirefu kuliko kawaida. Nilisikia anapumua.

"Narudisha," alisema. "Soko la kuni. Majeruhi mmoja. Hatembei. Kamba saa tatu na robo. Njia ya daraja iko wazi. Ni hivyo?"

Ningeweza kuishia hapo. Ile "ni hivyo" iliwekwa kwa ajili ya mtu kama mimi, ili apate nafasi ya pili ya kusema kweli. Nikasema, "Ni hivyo."

Nilimwambia mke wa fundi asilegeze kamba, nikashuka na kinga mpaka karibu na daraja.

Nilichokikuta kilinishangaza. Nilipopita mwanzo hapakuwa na mtu, sasa pembeni ya daraja kulikuwa na moto wa kuni, mahindi yanaokwa, na gogo limevutwa njiani. Watu wenyewe walikuwa wanaondoka. Niliwaona migongo, saba au wanane, wenye silaha, wanatembea haraka kwenda kulia. Kwenda soko la kuni.

Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi. Nilisema moyoni: nimemkamata.

Nilikuwa sijamwona mmoja aliyebaki, mwanaume wa rika langu, ameketi nyuma ya gogo anamalizia hindi lake. Bunduki ilikuwa kwenye magoti. Alinitazama kitambaa, akatazama kinga.

"Ah! Ni weye," akasema, kama mtu aliyekutana na jirani. "Juu ya nini uko hapa? Si umesema uko soko ya kuni?"

Kwenye kifua chake, imefungwa kwa mpira, kulikuwa na redio ndogo ya mkononi, ndugu kabisa wa ile yangu. Nayo wakati huohuo ikaanza kuongea. Ilikuwa sauti ya mtu wa fonia, polepole, ya kusoma barua:

"Gari, gari. Hapana kupita daraja. Mama mmoja ametoka huko sasa hivi, anasema daraja iko na watu. Pita barabara ya juu, nyuma ya shamba la mikaratusi, ushuke soko la kuni. Rudisha."

Mpiganaji akacheka, punje zikamtoka mdomoni. "Watu ni siye! Huyu muzee iko anaongea muzuri, ndugu. Siye tunamusikilizaka kila siku. Hata siku ile ya Saio mulisema tatu, tukaona mbili, chef, mukubwa wetu, akasema hawa watu wanaficha mutu."

Hivyo ndivyo nilivyopata jibu la swali langu la wiki mbili, kutoka kwa mtu anayekula mahindi. Hapakuwa na siri. Hewa haina mlango, na sisi tulikuwa tunaongea ndani yake kama tuko nyumbani kwetu. Wengine wangesema hilo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Labda lilikuwa wazi, ila mimi nilikuwa natafuta mtu wa kumlaumu, na redio haina uso.

Halafu nikaelewa lingine. Mtu wa fonia alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Alisikia daraja ni baya, akatafuta njia nyingine kwa sababu aliamini kwamba mgonjwa yuko soko la kuni. Gari halitapita hapa. Linazunguka juu, na mama na dereva na wabebaji wanne ndani yake, kwenda mahali ambapo hakuna mgonjwa, ambapo watu saba wenye silaha wanawangoja.

"Ninaweza kwenda?" nilimuuliza.

"Enda. Mimi ninamaliza kwanza hii."

Pale bondeni redio yangu ilipokea tu, sauti yangu haikufika popote. Niliacha kinga, nikapanda kilima kwa mikono na miguu. Sijui ilichukua dakika ngapi. Nilipofika juu sikuweza kuongea, nilibonyeza kitufe nikawa nahema tu, naye akasema, "Ninakusikia. Sema."

"Nilidanganya," nikasema. "Sipo soko la kuni. Hakuna mgonjwa kule. Kuna watu wenye silaha. Rudisha gari."

Kisha ile sauti, bila kupanda, bila kushuka:

"Narudisha. Ulidanganya. Haupo soko la kuni. Hakuna mgonjwa kule. Kuna watu wenye silaha. Gari irudi. Ni hivyo?"

Mji mzima wenye redio ulisikia. Wapiganaji walisikia, mama alisikia, na yule wa mahindi bila shaka alicheka tena. Sijawahi kuvuliwa nguo namna ile.

"Ni hivyo," nikasema.

"Mgonjwa iko wapi?"

Nikisema matanuri, wale watu wako dakika kumi kutoka pale. Nikinyamaza, fundi anabaki na kamba yake. Mtu wa fonia akangoja kidogo, kisha akasema jambo ambalo hakuna mtu aliyemfundisha.

"Usitaje jina. Niambie kwa mambo yetu. Kitu gani kilitupata karibu na hapo?"

Nikafikiri. "Pale pusupusu ilitutupa," nikasema. Mwezi uliopita, kabla hatujapata gari, mkokoteni wetu wa kusukuma ulivunjika gurudumu karibu na matanuri, tukamwaga mzee mmoja mzima kwenye tope, naye akatutukana mpaka hospitali. Hadithi hiyo tulikuwa tukiicheka kila jioni. Nje ya timu na mzee yule hakuna aliyeijua.

"Narudisha. Pale pusupusu ilitutupa. Ni hivyo?"

"Ni hivyo."

"Gari, gari," nikamsikia akiita. "Geuka. Pale pusupusu ilitutupa. Rudisha." Na baada ya kuita mara nne, sauti ya mama, mbali sana: "Pale pusupusu ilitutupa. Tumesikia. Wametusimamisha."

Halafu hakukuwa na kitu.

Nilirudi kwa fundi. Mke wake alikuwa bado ameshika mguu. Nilikaa na kutazama ile saa niliyoiandika kwa mkono wangu, na saa ya ukutani ya mle ndani, ambayo bomu halikuisimamisha. Saa nne na nusu. Saa tano. Saa tano na robo ikafika, ikapita. Fundi aliacha kuuliza kuhusu gari, akaanza kuuliza kuhusu suruali iliyokuwa kwenye cherehani, ni ya nani, nani ataimaliza. Kila hatua niliyoisikia nje nilidhani ni wapiganaji. Nilimshuku hata yule mke wa fundi alipotoka kuchota maji.

Gari lilifika saa sita kasoro robo. Halikuwa na kioo cha mbele wala sanduku la dawa. Dereva alikuwa peku. Mama alikuwa na jicho limevimba. Aliingia, akasoma saa kwenye paji la uso wa fundi, akatazama saa yake. Mimi hakunitazama.

"Pakia," alisema.

Fundi alipona. Mguu haukupona. Waliukata chini ya goti siku hiyo hiyo mchana.

Baada ya hapo niliingia kwenye chumba cha fonia bila kuitwa. Nilikuwa nimekusanya vitu vyangu, vyote vilikuwa kwenye mfuko mmoja. Mtu wa fonia alikuwa amefungua daftari. Alinisogezea. Uongo wangu ulikuwa pale kwa mwandiko mzuri, na chini yake "Ni hivyo", na saa yake.

"Soma chini," akasema.

Chini, kwa herufi ndogo, aliandika: mabomu yamelia upande wa matanuri. Yeye anasema soko la kuni. Sikuuliza.

"Nilisikia kwa dirisha hii," akasema. "Mabomu yalilia huku, weye unasema kule. Nilijua iko kitu hapana sawa. Lakini nilisema, huyu kijana iko ananitega. Kila siku saa tisa iko chini ya dirisha yangu na ule mnyororo yake. Nikasema, wacha nirudishe vile anasema, tuone. Kama ningekuuliza mara moja tu, 'Una hakika?', ungesema nini?"

"Sijui, papa."

"Mimi pia sijui. Basi tuko wawili."

Nikaona sasa ni wakati wa kuuliza, maana la aibu zaidi ya lile halikuwepo tena. "Saa tisa unaongeaka na nani?"

Akafunga daftari. "Hiyo swali ungeniuliza zamani. Na dada yangu. Iko upande wa Mahagi. Ananiambia kuku wake wamefika wangapi, mimi ninaandika."

"Kuku?"

"Kuku. Akiacha kuwahesabu nitajua kuna kitu kimempata."

Hata leo sijui kama ni kweli. Naegemea upande wa kuamini, lakini shaka bado nimeishika kwa mkono mmoja. Vita viliisha ndani ya watu polepole kuliko barabarani.

Mama hakunifukuza. Alisema mtu anayejua bei ya uongo hewani ni afadhali kuliko mpya. Lakini redio alininyang'anya kwa mwezi mzima, nikawa nabeba machela nyuma, kimya. Timu nayo ilibadilisha namna yake ya kuongea. Hatukutaja tena mahali. Tulisema pale dereva alipoumwa na mbwa, pale mama alipokataa chai, kwa yule mzee wa tope. Kila jioni ilibidi tukae na kusimuliana mambo ya siku, ili wote tuwe nayo, maana jambo ulilolificha wenzako halikuweza kukusaidia kesho. Watu ambao walikuwa hawali sahani moja walianza kukumbushana hadithi.

Nilikwenda kwa fundi baada ya miezi. Nilikuwa nimeamua kuondoka, barabara ya Mahagi ilikuwa imefunguka, na sikutaka kuondoka na lile jambo. Alikuwa barazani, nyuma ya cherehani, gongo limeegemezwa ukutani. Mguu wa kushoto ulikuwa unajifunza kukanyaga na haukuwa mwanafunzi mzuri, uzi ulikatika kila mara.

"Karibu, kijana ya kamba," akasema. "Nilikuwa nataka kukuuliza. Ile siku gari ilichelewa juu ya nini?"

Nilimtazama machoni kuona kama anajua tayari. Mji mzima ulikuwa na masikio. Lakini uso wake haukuniambia kitu, na jibu la njia kufungwa lilikuwa tayari mdomoni mwangu, limepangwa vizuri, na nusu yake ilikuwa kweli.

"Nilisema uongo kwa redio," nikasema. "Nilisema uko soko la kuni. Gari ikaenda huko."

Fundi alishusha mikono. Mke wake, aliyekuwa anapepeta mchele mlangoni, aliacha kupepeta.

"Sema tena," fundi akasema.

Nikasema tena, polepole, neno kwa neno, na saa zake. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia kwamba amenisamehe, wala hakunitukana. Alikaa akitazama kile kibao cha kukanyagia, mguu wake mmoja juu yake.

"Basi ni hivyo," akasema. Kisha akanionyesha gurudumu la cherehani kwa kidevu. "Kaa pale. Zungusha na mukono, polepole. Hii robo, ile kanzu ya padri, inatakiwa kesho."

Nilikaa, nikazungusha. Kila aliposema simama, nilisimama. Mke wake hakurudi kupepeta kwa muda mrefu. Alibaki pale mlangoni, ungo magotini, ananitazama mikono.